Mtoto Aliyezaliwa na Nywele Chache: Mwongozo Kamili kwa Mzazi wa Uganda

Mtoto akifikisha mwaka na kichwa chake bado kina vinywele vya kuhesabika, kila mtu kwenye ukoo huwa na dawa. Jajja ataleta mafuta ya nyonyo, shangazi atasema anyolewe kwa wembe mara tatu, jirani anamjua mzee mwenye unga wa kupaka, na dada wa saluni ana chupa iliyotoka Dubai. Pesa inaisha, mwaka unaisha, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nywele hizi ni chache kwa sababu gani. Zipo sababu zinazotibika kwa kidonge cha bei ndogo. Zipo zisizotibika kabisa. Na zipo chache ambazo nywele ndilo jambo dogo, kwa kuwa kinachomweka mtoto hatarini ni kingine.

Kwanza tuelewane kuhusu shina la unywele. Mashina ya nywele za kichwani, yanayokadiriwa kufika 100,000, hujengeka mtoto akiwa bado tumboni, na mimba ikifika katikati kazi hiyo huwa imekwisha. Baada ya kuzaliwa hakuna shina jipya linaloota. Dawa yoyote ya nywele, iwe ya hospitali au ya mtishamba, inafanya kazi juu ya shina lililopo tayari. Pale ambapo shina halikuumbika, mafuta yanang'arisha ngozi tu, na muuzaji anajua.

Hatua ya kwanza: hakikisha kuna tatizo

Nywele anazozaliwa nazo mtoto hupukutika katika miezi ya mwanzo, kwa kawaida kati ya mwezi wa 2 na wa 6. Kisogo ndicho hubaki wazi zaidi kwa sababu mtoto hulala chali na kukisugua. Hiyo si maradhi. Watoto wengine wenye afya tele hukaa na nywele haba mpaka wanakaribia miaka miwili, hasa kama baba au mama naye alikuwa hivyo. Mwulize bibi wa upande wa baba na wa upande wa mama, na utafute picha za zamani. Kama mtoto anakua vizuri, meno yanatoka, ngozi ni safi na nyusi zipo, una haki ya kusubiri.

Usisubiri ikiwa nyusi na kope pia hazipo au ni chache mno. Ikiwa nywele zilikuwepo wakati wa kuzaliwa, zikaanguka zote na hazikurudi. Ikiwa kila unywele unakatikia karibu na ngozi. Au ikiwa kuna dalili nyingine yoyote mwilini. Hapo hata mtoto wa miezi mitatu apelekwe.

Kuhusu kunyoa: familia za Kiislamu, kuanzia Bombo hadi Arua, hunyoa mtoto siku ya saba na kutoa sadaka ya fedha kwa uzito wa nywele. Ibada ibaki ibada. Kunyoa hakuongezi nywele hata moja, kwa sababu wembe unakata kilicho juu ya ngozi na shina liko chini yake kwa milimita kadhaa. Unywele ulionyolewa huonekana mnene kwa kuwa ncha yake imekuwa butu, basi.

Kama sehemu isiyo na nywele ni moja tu na kichwa kilichobaki kimejaa, hilo ni jambo tofauti. Pembetatu ya upara karibu na kipaji, ambayo wazazi wengi huigundua mtoto akiwa na miaka miwili au zaidi, haina madhara na haisambai. Kovu laini lililokuwepo utosini tangu siku ya kuzaliwa ni ngozi ambayo haikufunga tumboni. Hilo daktari alione mapema, hasa likiwa kubwa. Bamba la rangi ya njano lenye kukwaruza ni alama ya kuzaliwa ya tezi za mafuta, na hubadilika wakati wa kubalehe. Hizi zote zinaweza kukatwa au kupandikizwa nywele baadaye, mtu akishakuwa mkubwa na akitaka.

Hatua ya pili: mkague mwenyewe, mchana

Fanya hivi mlangoni au barazani, kwenye mwanga wa jua na si wa balbu. Mpakate mtoto, kichwa kikielekea nje. Pitisha kiganja kutoka kisogoni kuja mbele. Ukihisi vipele vidogo vikavu vinavyokwaruza, hasa kisogoni na juu ya shingo, kumbuka hilo. Halafu chukua karatasi nyeupe na uweke juu yake nywele chache zilizoanguka kwenye shuka. Usizing'oe. Zitazame kwa kamera ya simu ukiwa umeikuza picha mpaka mwisho. Unywele wa kawaida una unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Katika ugonjwa mmoja wa kurithi uitwao moniletriksi, ambao mara nyingi huja na vile vipele vya kisogoni, unywele una vifundo vinavyofuatana kama shanga kwenye uzi, na hukatika pale penye wembamba. Ukiona hivyo, umempunguzia daktari nusu ya kazi.

Endelea chini. Nyusi, kope. Kucha: nene, nyembamba sana, au zenye mabonde? Fungua mdomo, na kama meno yametoka, angalia umbo: je, ni butu na mapana, au ni membamba yenye ncha kama chonge? Angalia ngozi kuzunguka mdomo na sehemu ya nepi. Mwisho, swali ambalo wazazi wengi huulizwa kliniki na kukosa jibu: mtoto huyu umewahi kumwona akitoka jasho? Si kichwa kulowa baada ya kunyonya tu. Jasho mgongoni, shingoni, saa saba mchana.

Andika yote kwenye lile daftari la hospitali, lile la kurasa 32 ambalo kila mmoja wetu hubeba kwapani kwenda kituoni. Piga picha ya kichwa kutoka juu, mbele na nyuma, mahali pamoja na saa ileile, kila mwezi. Nywele zetu hukua chini kidogo ya sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo jicho linalomtazama mtoto kila siku haliwezi kuona tofauti.

Hatua ya tatu: ondoa kwanza yanayotibika

Hapa ndipo kituo cha afya cha daraja la tatu au la nne kinaweza kukusaidia kabla hujapanda basi la kwenda Kampala.

Lishe. Mtoto aliyeachishwa ziwa mapema akalishwa uji mtupu wa mahindi, au matoke na mchuzi bila kitoweo, anaweza kupata unyafuzi. Nywele huwa nyembamba, hubadilika kuwa nyekundu au kahawia, na hung'oka bila maumivu ukizivuta kidogo. Miguu huvimba. Huyu hakuzaliwa na nywele chache, amezipoteza, na zitarudi akilishwa. Mkanda wa kupimia mkono upo hata kwa wahudumu wa afya wa kijiji. Akiwa na uvimbe au amekonda sana asitibiwe nyumbani. Mulago kuna wadi ya lishe ya Mwanamugimu, na hospitali za rufaa za mikoa hutoa chakula tiba. Kwa wengine, unga wa mukene (dagaa) kwenye uji, karanga, maharage, yai na mboga ya dodo (mchicha) hufanya kazi kubwa kuliko chupa yoyote ya saluni.

Mapunye. Ni fangasi wa kichwani, na shule za msingi zimejaa. Huleta mabaka yenye magamba na vinywele vilivyokatika. Mtoto mchanga hupata mara chache, lakini anaweza kuambukizwa na kaka zake. Krimu ya kupaka haiponyi mapunye ya kichwani, kwa sababu fangasi amejificha ndani ya unywele wenyewe. Inahitajika dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili mwili uifyonze. Wengi huacha wiki ya pili wanapoona magamba yamepungua, na mwezi unaofuata wanarudi na mapunye yaleyale.

Zinki. Kuna watoto ambao utumbo wao kwa kurithi haufyonzi zinki vizuri. Mara nyingi dalili huanza anapoachishwa ziwa: vidonda vyekundu kuzunguka mdomo, sehemu ya haja na vidoleni, kuhara, nywele kuanguka. Akipewa zinki kwa kipimo cha daktari hubadilika ndani ya siku chache, na ni miongoni mwa mabadiliko ya kufurahisha zaidi katika tiba ya ngozi. Lakini huyu ni mgonjwa wa kumeza zinki maisha yote. Vidonge vya siku 10 vinavyotolewa pamoja na maji ya chumvi kwa ajili ya kuhara havimtoshi.

Tezi ya shingo. Mtoto aliyezaliwa na tezi isiyofanya kazi hulala mno, hafungui choo vizuri, ulimi ni mkubwa, sauti ni nzito, kitovu kimetokeza, na umanjano wa macho unakawia kuondoka. Nywele zake huwa kavu na chache. Kipimo cha damu kinatosha, na dawa yake, levothairoksini, ni kidonge cha kila siku. Haraka inahitajika kwa ajili ya ubongo: kila wiki ya kuchelewa katika miezi ya mwanzo inaharibu akili yake.

Na bayotini. Dukani bayotini inauzwa kama vitamini ya nywele kwa kila mtu, ilhali kuna kundi dogo la watoto ambao kwao kweli ndiyo dawa: waliozaliwa bila kimeng'enya cha kuihifadhi mwilini. Hao hupata degedege, vipele, kulegea viungo, hata uziwi, pamoja na kupoteza nywele. Kwa mtoto mwingine yeyote anayekula vizuri, bayotini haiongezi kitu. Tena inaweza kuvuruga majibu ya maabara, ya tezi yakiwemo, kwa hiyo kama umeshaanza kumpa, mwambie mpimaji kabla hajatoa damu.

Mtoto wa kiume mwenye nywele za rangi hafifu, zilizosokotana kama waya na kukatika, aliyelegea shingo na anayepata degedege, apelekwe hospitali ya rufaa leo. Inaweza kuwa mwili hauwezi kutumia madini ya shaba, na muda wa kutibu ni mfupi sana.

Hatua ya nne: mtoto asiyetoka jasho

Nikiruhusiwa kusisitiza jambo moja tu, ni hili. Kuna ugonjwa wa kurithi unaogusa nywele, meno, kucha na tezi za jasho kwa pamoja. Madaktari huuita displasia ya ektodemu. Aina inayojulikana zaidi huwapata wavulana, na mama ndiye hubeba jeni. Nywele ni chache na nyepesi, ngozi karibu na macho ni nyeusi na yenye mikunjo, meno hayatoki au hutoka machache yenye ncha, na jasho hakuna.

Uganda mtoto akichemka, jibu la kwanza ni malaria, na ni sawa kufikiri hivyo. Sasa fikiria mtoto huyu akiwa Gulu au Moroto mwezi wa Februari. Kila adhuhuri mwili unawaka. Anapelekwa kituoni, kipimo cha malaria kinasema hana, anapewa parasetamoli, anarudi, kesho anachemka tena. Parasetamoli haimsaidii sana kwa sababu hiyo si homa ya ugonjwa, ni joto la nje lililokosa njia ya kutoka. Anachohitaji ni maji: kanga iliyoloweshwa mgongoni, kivuli, upepo, kunywa mara kwa mara, nguo moja nyepesi ya pamba. Usimfunike blanketi eti ana homa. Malaria apimwe kila mara vilevile, kwa kuwa kutotoka jasho hakumkingi na mbu.

Mama wa mtoto wa namna hii, nawe jitazame. Wengi wa wanaobeba jeni hii wana meno mawili matatu yaliyokosekana tangu utotoni, au nywele zilizopungua kwa mabaka, na hawajawahi kuyahusisha hayo na kitu chochote.

Meno yasisubiri ukubwani. Daktari wa meno anaweza kumtengenezea meno ya bandia kuanzia miaka mitatu hivi, na kuyabadilisha taya linavyokua. Mtoto anayetafuna anakula, na anayekula anakua.

Hatua ya tano: kliniki ya ngozi

Omba barua ya rufaa. Mulago ina kliniki ya ngozi, na Mbarara, ambako chuo kikuu hufundisha madaktari wa ngozi, ni mahali pazuri kwa watu wa magharibi. Hospitali nyingine za rufaa, Arua, Gulu, Mbale, Jinja, Masaka, angalau zitaanza uchunguzi. Fika mapema kabla foleni haijapinda kona, na usimpake mtoto mafuta siku hiyo. Daktari anahitaji kuiona ngozi ilivyo.

Atatazama kwa lenzi, atavuta kishungi kidogo cha nywele kuona ngapi zinatoka, na huenda akachukua nywele za kuweka chini ya darubini. Kipimo cha jeni hakilazimiki ili matunzo yaanze. Uliza maswali matatu na uandike majibu: mashina yapo au hayapo? Tatizo ni la nywele pekee au la mwili pia? Uwezekano wa mtoto ajaye kuwa nalo ni upi? Ukirudi nyumbani bila majibu hayo, rudi tena uyaulize.

Hatua ya sita: dawa za kuotesha, kwa tahadhari

Tiba ya kuponya upungufu wa nywele wa kurithi haipo. Kinachojaribiwa zaidi ni minoksidili ya kupaka. Kwa wenye moniletriksi, na kwa wenye aina fulani ya nywele chache zilizosokotana ambazo hazikui kurefuka, madaktari wameripoti nywele kuongezeka kwa baadhi ya wagonjwa. Kwa wale ambao mashina yao yameharibika kabisa, haifanyi kitu. Ndiyo maana swali la mashina linakuja kwanza.

Kwenye chupa imeandikwa kwamba ni ya watu wazima, miaka 18 na kuendelea. Kwa mtoto ni uamuzi wa daktari peke yake, baada ya kumsikiliza moyo, na kwa kiwango kidogo kuliko kilichoandikwa. Minoksidili ilianza kama dawa ya kushusha presha, na ngozi ya mtoto hufyonza sana. Huko Hispania mwaka 2019 watoto kadhaa waliota nywele mwili mzima baada ya minoksidili kuingia kimakosa kwenye dawa ya tumbo waliyopewa; nywele hizo zilianguka dawa iliposimamishwa. Baba anayejipaka minoksidili kwa ajili ya kipara chake naye asimlaze mtoto kifuani kabla haijakauka.

Ikiandikwa na daktari: paka kwenye ngozi kavu na si juu ya nywele, kwa kipimo kilekile kila siku, nawa mikono, futa kinachotiririka kipajini. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kuanguka zaidi, usishtuke. Toa hukumu baada ya miezi 6, ukiwa na picha zako mkononi. Ukiacha, kilichoota kitapungua ndani ya miezi. Mtoto akisinzia kupita kawaida, akivimba uso au miguu, au moyo ukienda mbio, simamisha na umpeleke hospitali. Nunua famasi yenye leseni ya Mamlaka ya Dawa ya Taifa, si kwenye kibanda cha Kikuubo.

Krimu za steroidi bila cheti cha daktari, hapana. Vitunguu, pilipili na tangawizi kichwani kwa mtoto, hapana. Kuchanja chale kichwani ili dawa "iingie" ni kununua pepopunda na homa ya ini kwa pesa yako mwenyewe.

Hatua ya saba: kuzitunza zilizopo

Nywele chache zinakatika kirahisi, na nyingi hupotea kwa mkono wa msukaji. Osha mara moja kwa wiki kwa shampuu laini, paka kidogo mafuta ya shea (yale halisi ya kaskazini, moo yaa, yasiyotiwa manukato) ili zisikauke, chana kwa vidole au kitana chenye meno mapana. Mafuta haya hayaoteshi, yanazuia kukatika. Usisuke kwa kuvuta, usibandike rasta, usiweke dawa ya kulainisha. Kichwa kisicho na nywele kinaungua jua: kofia yenye ukingo, kila atokapo.

Msichana mkubwa akitaka wigi, achague lenye mkanda wa kukaza badala ya gundi, alivue usiku. Kilemba au hijabu ya pamba inafanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo na joto kidogo.

Kwa upande wa shule, tumebahatika bila kupanga: shule nyingi za Uganda hutaka wavulana na wasichana wote wanyolewe, kwa hiyo mtoto huyu hajitokezi sana mstarini. Taabu huanza likizo na kwenye harusi, pale binamu zake wanaposukwa. Mwambie ukweli mapema, kwa sentensi fupi anayoweza kuirudia mwenyewe: "Nimezaliwa hivi, haiambukizi." Mwalimu wa darasa aambiwe kwa barua kuhusu kofia, na kama hatoki jasho, kuhusu maji na kutokimbizwa saa za jua.

Hatua ya nane: kabla ya mimba nyingine

Aina nyingi za nywele chache za kurithi huhitaji jeni mbovu kutoka kwa baba na kwa mama, ambao wote wana nywele tele. Kwao kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4. Ndoa za binamu huongeza nafasi ya wawili kubeba jeni ileile, na hilo lisemwe bila kumlaumu mtu. Aina nyingine hushuka kutoka kwa mzazi mmoja aliye nayo, na hapo ni nusu kwa nusu. Katika ile ya kutotoka jasho inayopita kwa mama, nusu ya watoto wa kiume ndio hutarajiwa kuwa nayo. Mke asifukuzwe kwa hilo. Hakuna alichokula wala alichokanyaga.

Mwaka 2018 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, waliripoti kuwadunga dawa watoto watatu wa kiume wenye hali hiyo wakiwa bado kwenye maji ya uzazi, na walizaliwa wakiweza kutoka jasho. Bado ni utafiti, na haipatikani kliniki zetu. Kinachopatikana ni kumwambia mkunga mapema, mimba ikiwa bado changa, na kumkumbusha siku ya kujifungua: mtoto wa kiume akizaliwa asifungwe mablanketi matatu, asiachwe chini ya taa ya joto bila kupimwa, na joto lake lisomwe kila baada ya saa chache mpaka ijulikane kama anatoka jasho.